Paa la Malapa la Bibi Kezia

Nimeanguka kutoka kwenye paa mara tatu maishani mwangu, na mara zote tatu nilikuwa nimeshaambiwa nisikanyage pale nilipokanyaga. Nawaanzia hapo, vijana, msije mkadhani mnaongea na mtu mwenye akili nyingi. Mguu huu mnaouona unachechemea haukuumizwa na uzee. Uliumizwa na ubishi.

Kazi yangu ilikuwa kupaua nyumba. Nimepaua Makere nilikozaliwa, nimepaua Kasulu mjini, nimepaua Kasanda, na Kibondo ndiko nilikomalizia. Makanisa, madarasa, maduka, hata banda la nguruwe la mchungaji mmoja ambaye mpaka leo hataki lisemwe. Nilianza enzi ambazo mtu akiezeka bati, kijiji kizima kinakuja kuangalia linavyong'aa. Nimestaafu mabati yana rangi kuliko vitenge vya sokoni, na mteja anakuja na picha kwenye simu, anakwambia, "Fundi, nataka kama hili hapa." Unatazama, unaona nyumba iko nchi yenye theluji.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Balitazari. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, akakulia Kasulu, akawa raia, akawa fundi, akawa mkali. Kirundi chake na Kiha changu ni ndugu, kwa hiyo tulielewana vizuri, hasa tukitukanana. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ukaiota: msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe usiupige bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. "Msumari na maji visijuane," alikuwa anasema. "Kimbia maji, mwana wanje, mwanangu. Kimbia!"

Tukimaliza paa, alifunga milango na madirisha saa sita mchana, sote tunaingia ndani, tunatazama juu. Tundu lolote, hata la ncha ya msumari, linaonekana pale gizani kama nyota. Yeye aliita kuhesabu nyota. Kila nyota ilikuwa na soda yake, anainunua aliyelipiga lile bati. Kuna darasa moja huko Makere ambalo kwa upande wangu lilikuwa na nyota nyingi sana. Mzee alikunywa soda siku ile mpaka akashikwa na kwikwi, na bado akanyoosha mkono kuomba nyingine.

Basi miaka yote nikakimbia maji. Nilikuwa fundi wa kukimbia maji. Na hiyo sheria nzuri, ya mtu mzuri, ndiyo iliyotaka kuniangusha mara ya nne.

Bibi Kezia alikuwa mjane wa Kibondo, mkulima wa maharage, mwembamba, mwenye macho yasiyokukosa. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imeinama upande mmoja, na bati zake zilikuwa na kutu na matundu mengi. Mwanawe, anayefanya kazi za ujenzi Dar es Salaam, akamjengea nyingine palepale uani, vyumba vitatu na baraza. Kuta zilipofika juu, lori likaja na mzigo wa kuezekea. Lakini hazikuwa bati. Vilikuwa vigae vya lami, vilivyobaki kwenye jengo moja huko Dar. Vilikuja kamili kwa nyumba ile, na vya akiba havikuzidi vidole vya mikono yangu.

Mimi na mwenzangu Filipo tukaitwa. Filipo tumefanya kazi pamoja tangu hana kipara. Akakitoa kigae kimoja, akakikunja, kikakunjika. Akakipiga kofi, hakikulia.

"Haya ni malapa," akasema.

Na kweli, ukiyashika ni laini kama ndala za mpira, meusi, yananuka barabara mpya, na juu yake pamemwagiwa punje za mawe. Siku ileile mtaa mzima ukaanza kuita nyumba ile nyumba ya malapa.

Bibi Kezia akaniuliza waziwazi, mbele ya Filipo: "Fundi, hivi vitu umeshawahi kuviezeka?"

Vijana, neno hapana ni fupi. Lina herufi sita tu. Lakini siku ile nililitafuta mdomoni nikalikosa. Nikajibu, "Bibi, nimeviezeka sana. Mwanza huko, nyumba nyingi tu." Filipo akaanza kukohoa, akaenda kukoholea nyuma ya choo.

Najua mtaniuliza, babu, kwa nini hukutafuta kwenye simu? Simu yangu ilikuwa ya tochi. Na mwanawe wa Dar je, si ungempigia? Ningempigia nimwambie nini, kwamba yule fundi bingwa wa Mwanza anaomba kufundishwa? Uongo ukishausema unakuwa kama mgeni aliyekuja na mizigo, lazima umtafutie pa kulala.

Tukaanza. Mwanzo tulikwenda vizuri, kwa sababu mbao ni mbao. Vigae vya lami havitaki papi, zile mbao nyembamba za kuachana, kama bati, vinataka sakafu nzima ya plaiwudi juu ya kenchi, kisha karatasi ya lami juu yake, halafu ndipo vigae. Hilo lori lilitufundisha lenyewe, maana plaiwudi ilikuwamo na karatasi ilikuwamo, na sisi hatukuwa wajinga wa kiasi hicho. Unaanzia chini, pembeni mwa fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, unapanda kwenda juu, kila mstari unalalia ule wa chini yake. Unapiga uzi kila mistari michache, la sivyo ukifika kileleni unakuta nyumba imekunja uso.

Nyuma ya kila kigae palikuwa na utepe mwembamba wa nailoni. Sisi tukaona, aha, huu ni wa kubandua. Siku nzima ya Jumatatu tulikaa barazani tukibandua tepe, wazee wawili na kucha zetu, tunabandua na kupiga soga. Filipo alibandua mpaka kucha ya kidole gumba ikamwacha. Upepo ukazipeperusha zile tepe, mbuzi wa jirani akala mojawapo, tukagombana na jirani.

Kila fungu lilikuja limefungwa kwa karatasi ngumu ya kaki, yenye maandishi na vijipicha. Maandishi yenyewe ya kigeni. Nikazitazama, nikasema, takataka. Akapita Mama Espe, muuza karanga, mama mchangamfu ambaye ukoo wake nao ulitoka Burundi, akazitamani zile karatasi kwa kufungia karanga zake. Nikampa zote. Nikajiona mtu mkarimu sana, na akanipa karanga za bure.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kigae kimoja kina urefu wa kama mita moja. Nusu ya chini ndiyo inayoonekana. Nusu ya juu inafunikwa na kigae cha mstari unaofuata. Katikati pana mstari wa gundi nyeusi. Mimi nikajiuliza, msumari niupige wapi? Nikamsikia Mzee Balitazari kichwani: kimbia maji! Nikakimbia. Nikapiga misumari juu kabisa, kwenye ukingo wa kigae, mbali na maji, mahali ambapo hata mvua ya gharika isingeiona. Filipo naye hivyohivyo. Tukapiga upande mzima wa mbele na nusu ya upande wa nyuma. Ukisimama barabarani unaona paa limelala vizuri, limenyooka, jeusi, la kupendeza. Watu walipita wakisimama. Mwendesha bodaboda mmoja akapaza sauti, "Mzee baba, umetisha!" Nikamwinulia nyundo.

Siku ya nane, saa nne ya chai, Mama Espe akaja. Nikanunua karanga. Nikala, nikafika mwisho, nikaikunjua karatasi ili nikung'ute chumvi. Ndani yake pakawa na kijipicha cha kigae. Cha kigae changu! Kimechorwa msumari chini kidogo ya mstari wa gundi, na pembeni yake alama ya vema. Chini yake kigae kingine, msumari umepigwa juu kabisa ukingoni, pembeni yake mkasi mkubwa mwekundu wa kosa.

Karanga zikanikaba.

"Mama Espe," nikamwita, "Kifaransa si ulisema ulisoma?"

"Kidogo, cha shule."

"Hapa panasemaje?"

Akasoma akifuatisha kwa kidole. "Wanasema msumari ukipigwa juu sana, upepo unaling'oa paa. Na hapa..." akageuza, "hapa wanasema utepe wa nyuma usiubandue." Akanitazama, akamtazama Filipo na kidole chake kilichofungwa kitambaa, akaanza kucheka mpaka beseni likayumba kichwani. "Yoo! Fundi, si wewe mwenyewe uliyenipa hizi karatasi?"

Nikanunua karanga zote zilizobaki ili nipate vipande vingine. Havikutosha. Ikabidi nishuke mpaka kijiwe cha bodaboda kuwaomba vijana wanirudishie karatasi zao. Mmoja akasema, "Mzee, unazingua, karatasi yenyewe ina mafuta." Nikamwambia ilete na mafuta yake. Siku tatu mimi na Filipo tulikula karanga asubuhi, mchana na jioni, na tumbo langu halijazisamehe mpaka leo.

Tuliviunganisha vile vipande juu ya ubao, tukaelewa. Msumari ukipigwa chini kidogo ya gundi, unapita kwenye kigae chake na unashika pia ukingo wa juu wa kigae cha chini yake. Kwa hiyo kila kigae kinashikwa mara mbili, kwa misumari yake na kwa misumari ya jirani. Sisi tulivyopiga, kila kigae kilijitegemea chenyewe, kimeshikwa ukingoni tu. Na hayo maji niliyoyakimbia? Yasingefika pale, kigae cha juu kinafunika. Nilimkimbia mtu ambaye hakuwapo.

Filipo akasema, "Nani ataona? Vimefunikana."

Kweli, hakuna ambaye angeona. Lakini nyinyi watu wa huku mnazijua mvua zetu za kwanza, zile za kufungua msimu. Haziji peke yake, zinaanza na upepo unaobeba mabati na kuku. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya kila alasiri. Upepo ule ungeingia chini ya malapa yangu, ungeyavua mstari kwa mstari. Vya akiba visingetosha. Na Bibi Kezia hakuwa na pa kurudi, maana ule ukuta wa nyumba ya zamani ulikuwa umeshaegemezwa kwa miti miwili. Nilijua yote hayo, na siku ile bado sikusema kitu. Nisiwadanganye. Nilienda nyumbani nikala, nikalala.

Asubuhi yake nikamkuta Bibi ameshaanza kuhamia. Sanduku lake la vitenge liko ndani, gunia la mbegu liko ndani, na yeye amesimama katikati ya chumba cha kulala ameshika miguu ya kitanda.

"Mwakeye, fundi."

"Mwakeye, Bibi."

"Kitanda changu nikiweke upande upi?"

"Upande wowote, Bibi. Chumba ni chako."

"Najua ni changu. Nauliza upande usiovuja."

Nikataka kucheka, nikaona hatanii. Yule mama alikuwa ameishi miaka mingi akihamisha kitanda. Katika nyumba ya zamani alikuwa na kona ya mvua za mwanzo na kona ya mvua za mwisho. Hakudhani kwamba duniani kuna nyumba ambayo kitanda kinawekwa popote. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mtaalamu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata nilipoanguka mbele ya kwaya nzima ya kanisa.

"Bibi," nikasema, "nimekudanganya. Sijawahi kuezeka vitu hivi. Nimepiga misumari pasipo pake. Upepo ukija, paa hili litaondoka."

Hakupiga kelele. Akakiweka kitanda chini, akakikalia.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hujui. Siku ya kwanza ulikichukua kigae, ukakinusa. Mtu anayekijua kitu hakinusi."

"Sasa mbona ukanipa kazi?"

"Walikuja mafundi wawili kabla yako. Nao walidanganya, ila hawakubadilika hata uso. Wewe ulidanganya huku masikio yanacheza. Nikasema, huyu uongo utamchosha, siku moja ataniambia." Akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Umechelewa lakini. Haya, paa linatengenezeka au halitengenezeki?"

"Linatengenezeka."

"Basi umesimama hapo kwa nini? Na mwenzio aache kula karanga."

Vijana, kurudia kazi ni kugumu kuliko kuifanya. Ilibidi tuinue kila kigae cha juu taratibu, tupige misumari minne mahali pake kwenye kigae cha chini, tukirudishe. Lakini gundi ilikuwa imeshashika kwa jua. Tukajaribu alfajiri, Kibondo ilivyo na baridi, gundi inaachia vizuri, ila kigae chenyewe kinakuwa kikavu, ukikikunja kinapasuka. Tulipasua viwili, nikahisi nimepasuka mimi. Tukajaribu mchana, kigae kimelainika, gundi inavutika kama ulimbo, na ukikanyaga unaacha alama ya kiatu. Tukagundua kwamba muda wa kazi ni kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, basi. Chombo bora kilikuwa mwiko mwembamba wa kupakia plasta, unausukuma polepole huku umeshika pumzi. Halafu unapiga nyundo mpaka kichwa cha msumari kilale sawa na kigae. Usikizamishe. Hayo niyasemayo hayapo kwenye karatasi yoyote ya karanga, yaandikeni.

Muda wa saa mbili tu kila siku, na kila alasiri mawingu. Bibi Kezia alikuwa anakaa chini kwenye kigoda akichambua maharage, akihesabu. "Mitatu!" anapiga kelele. "Hapo mmepiga mitatu, nimesikia!" Na alikuwa anasema kweli. Filipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu mama angemtoa jasho hata Mzee Balitazari.

Tukamalizia na ile nusu ya nyuma iliyobaki, msumari wa mwisho tukaupiga siku ya Alhamisi. Jumamosi akatualika chakula, ugali wa muhogo na migebuka. Tumekaa sebuleni, tumeshanawa, upepo ukaja. Ukafunga dirisha moja kwa kishindo, Bibi akafunga mengine. Ukavuma kweli. Nikasikia mti wa jirani ukikatika tawi. Filipo aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimekodoa macho kwenye silingi bodi, nasubiri kusikia mstari wa kwanza uking'oka, tonge limenipoa mkononi. Hakuna kilichong'oka. Upepo ukatulia.

Tukasubiri mvua sasa. Kimya. Tukasubiri tena. Kimya.

"Imepita pembeni," akasema Bibi. "Imeenda Kakonko."

Nikaenda kufungua mlango. Vijana, uani palikuwa mto! Mvua ilikuwa inamwagika kwa hasira zote, na sisi tumo ndani hatujui, maana malapa hayalii. Nilitazama juu, nikatazama kuta, nikapita chumba kwa chumba nikipapasa kuta kwa kiganja. Pakavu. Kila kona pakavu. Nilifurahi mpaka nikaona haya kufurahi vile mbele za watu.

Nyuma yangu nikasikia, "Maharage yangu!"

Alikuwa ameyaanika uani kwenye turubai, na sasa yalikuwa yanaogelea. Tukatoka mbio wote watatu, mimi na mguu wangu, Filipo na kipara chake, tukayakokota hadi barazani. Robo ilikuwa imekwenda na maji. Bibi akasimama ameloa chapachapa, akanitazama.

"Fundi, paa lako zuri. Lakini limeniibia mvua. Maisha yangu yote tone la kwanza tu likigonga bati, mimi niko nje na turubai. Sasa nitajuaje?"

Jibu akalitafuta yeye mwenyewe. Mvua ilipokata akaenda kwenye nyumba ya zamani, akarudi na bati moja bovu akiliburuta. Akaniambia nilipige nje, juu ya dirisha la chumba chake cha kulala. Filipo akasema litaharibu sura ya nyumba. Nikamwambia anipe ngazi.

Ndiyo kazi ya mwisho niliyofanya kabla ya kuuza nyundo zangu. Mafundi wa sasa wakipita pale wanacheka, wanasema mzee aliishiwa vigae, na mimi nawaacha. Jioni ile mvua ilirudi. Asubuhi nilikwenda kuchukua mwiko wangu niliousahau, nikamkuta Bibi barazani, maharage yote yako ndani, turubai limekunjwa. Hakuniamkia hata. Alisema tu, "Nimeisikia, mwana wanje. Tangu tone la kwanza."